Tupeane uzoefu: "Kristo pekee" ilikugusa wapi maishani mwako?

Mama Wawili, Kisauni

Bwana asifiwe, wapendwa. Na ndugu zetu Waislamu mnaosoma, salamu kwenu pia, karibuni.

Jumapili tulihubiriwa "Kristo pekee", yaani anayeokoa ni Kristo tu, kutoka Matendo 4:12, kwamba "hapana jina jingine chini ya mbingu walilopewa wanadamu litupasalo sisi kuokolewa kwalo." Kanisa zima likaitikia amina, na sauti yangu ilikuwemo. Jioni yake jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mkubwa, akatuletea sahani ya kaimati. Ni mwezi wa Ramadhani, na yeye hafuturu bila kuwakumbuka wanangu. Mkubwa wangu ana miaka minane. Akala mbili, akaniangalia, akauliza: "Mama, kwa hivyo Mama Mkubwa hataenda mbinguni?"

Nilimwambia amalize kula akaoge. Sikuwa na jibu, na mpaka leo linanikera.

Sitafuti mjadala. Mihadhara ya uwanjani tumeisikia tangu utotoni, huyu na Biblia, yule na Kurani, vipaza sauti juu, na sijaona mtu akitoka pale amempenda Mungu zaidi. Ninachotaka ni kila mmoja aeleze yaliyompata yeye.

Naanza mimi. Miaka sita iliyopita niliharibikiwa na mimba ya miezi mitano. Nikaanza kuweka daftari. Siku nilizofunga, makesha niliyohudhuria, sura nilizosoma, sadaka niliyotoa. Siku nikikosa naitia alama nyekundu, halafu nafidia. Moyoni nilikuwa namwekea Mungu deni: likijaa hili, hana budi kunipa mtoto. Mama mmoja mzee wa kanisani alikuja kunijulia hali akalikuta mezani. "Mwanangu, hili unamwandikia nani?" Nikamwambia namwandikia Mungu. Akanifungulia Waefeso 2, tukasoma pamoja: mmeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Akasema, "Ukisema Kristo pekee, wa kwanza kuambiwa apishe ni wewe na daftari lako."

Nililia siku ile kuliko siku ya msiba wenyewe. Miaka yote nilidhani neno "pekee" ni la kuwafungia watu wengine mlango. Kumbe mimi nililihitaji ili nikae chini, nipumzike.

Haya, na nyinyi je?

Mjukuu wa Rabai

Amina, dada. Mimi kwetu ni Rabai, karibu na Mombasa, pale wamishonari Krapf na Rebmann walipoanzisha misheni mwaka 1846. Tunajivunia sana hilo, tunawapeleka wageni kuona kanisa na nyumba za wamishonari. Lakini nyumbani kwetu tulikuwa na Yesu pamoja na vitu vingine. Nilibatizwa mtoto mchanga nikiwa na hirizi kiunoni, chini ya nguo nyeupe. Nyanya aliifunga mwenyewe, na alikuwa hakosi kanisani. Nilipokuwa na mwanangu wa kwanza, akaugua degedege, na mimi nikafanya vilevile: asubuhi maombi kwa pasta, usiku kwa mganga. Sikuona ubaya. Nilisema Mungu ana njia nyingi.

Kilichonibadilisha ni kusoma habari za mtu wa kwanza waliyembatiza wale wamishonari. Aliitwa Mringe, mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Fikiria: hakupata nafasi ya kujenga kanisa, wala kutoa fungu la kumi, wala kufundisha katekisimu. Alichokuwa nacho ni Yesu tu. Nikajiuliza, kama yeye alitosheka, mimi naogopa nini mpaka niweke akiba kwa mganga?

Nilikata hirizi ya mwanangu na mikono ikitetemeka, sitadanganya. Na alipopata homa tena nilimkimbiza hospitali na nikaomba, basi. Nyanya hakuzungumza nami miezi mitatu.

Bandarini Zamu ya Usiku

Langu fupi. Kanisa nililokuwa naenda lilikuwa na mafuta ya upako, chupa ndogo shilingi 500, kubwa 2,000. Na maji. Na kitambaa cha kuweka mlangoni. Nilikuwa nadaiwa kodi miezi miwili na bado nikatuma "mbegu", ile sadaka ya kupandia baraka, kwa M-Pesa. Siku moja mke wangu akauliza kwa upole tu, "Baba, hii damu ya Yesu ilitosha au haikutosha?" Nilikasirika wiki nzima kwa sababu nilijua jibu.

Mwana wa Mtongwe

Nimesoma nikasita kuandika.

Baba yangu mdogo alikufa feri ya Mtongwe ilipozama hapa Mombasa, 29 Aprili 1994. Walikufa watu 272 asubuhi ile, wengi wakivuka kwenda kazini. Mimi nilikuwa darasa la sita. Baba mdogo alikuwa mtu wa mnazi, haendi kanisani ila Krismasi, lakini ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Kwenye matanga mhubiri mmoja akasimama akasema wazi kwamba wale ambao hawakuwa wameokoka tunajua walipo. Nyanya yangu aliinuka akaingia ndani. Tangu siku hiyo nilichukia mafundisho haya, kama miaka kumi na mitano hivi. Nikisikia "Kristo pekee" nasikia sauti ya yule mhubiri.

Nilirudi kupitia Luka 23. Yule mhalifu msalabani hakuwa na muda wa kubatizwa, wala wa kurudisha alichoiba. Alisema sentensi moja, "nikumbuke," akajibiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mimi sijui baba mdogo alisema nini ndani ya maji yale. Yule mhubiri naye hakujua. Ila kama wokovu ungetegemea jinsi mtu alivyoishi, ningekuwa sina tumaini lolote juu yake. Kwa kuwa unamtegemea Kristo, na Kristo anaweza kusikia neno moja la mtu anayezama, ninalo. Kwa hivyo mafundisho yaleyale yaliyotumika kumuumiza nyanya ndiyo yanayonishikilia mimi. Natamani angekuwa hai nimweleze.

Mama Wawili, Kisauni

Pole sana, kaka yangu. Nimesoma mara tatu. Nimemsomea mume wangu pia.

Jumuiya ya Mikindani

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na napenda kusema jambo kwa sababu ya swali la mtoto. Sisi nasi tunakiri kwamba Kristo ndiye mwokozi wa pekee. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1964, ulifundisha kwamba mtu asiyemjua Kristo bila kosa lake mwenyewe, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, anaweza kuufikia wokovu. Akiokoka, ni Kristo huyohuyo amemwokoa, hata kama hakulijua jina. Najua wengi wenu hamkubali, na kwenye jumuiya yetu pia kuna wanaohoji: basi kwa nini tuhubiri? Nimelea watoto wanne Changamwe na Mikindani katikati ya majirani wa kila dini, na jibu hilo ndilo nililowapa. Kuhubiri tunahubiri kwa sababu mtu mwenye habari njema haifichi.

Mjukuu wa Rabai

Mzee, heshima yako. Mimi siwezi kwenda mpaka huko, kwangu Yohana 14:6 imefunga: "mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi." Ila nakubali hukumu ya mtu mmoja mmoja si kazi yangu.

Mpita Kivuko

Pale kivuko cha Likoni kuna mhubiri anayesema Yesu ni kama feri, hakuna njia nyingine ya kuvuka. Siku moja kijana akamjibu, siku hizi tunazunguka kwa gari barabara ya Dongo Kundu. Watu wakacheka, mzee wa watu akanyamaza. Mimi nilibaki na wazo lingine. Anayevuka kwa miguu hatozwi hata senti, na akishapanda hapigi kasia. Anabebwa. Afadhali angehubiri hilo.

Mkaazi wa Kuze

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Mji wa Kale. Nimekaribishwa, nami nasema kwa adabu.

Kwetu Nabii Isa bin Maryam ni mtume mtukufu, na asiyemheshimu hana Uislamu. Tunapotengana nanyi ni hapa: Kurani inatufundisha kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Nyinyi mnasema mzigo umeshabebwa. Hilo si jambo dogo, na sipendi watu wanaosema dini zote ni kitu kimoja ili tu tusigombane. Haziko sawa, na jirani mwema analijua hilo.

Kilichowahi kuniumiza ni kijana aliyenisimamisha sokoni Marikiti akaniambia naenda motoni, hajaniuliza hata jina. Rafiki yangu wa bandarini, Mkristo, tumefanya kazi pamoja miaka ishirini. Alinieleza imani yake siku tuliyomzika mama yangu, akiwa amekaa nami mkekani tangu alfajiri. Sikukubaliana naye. Lakini nilijua anasema kwa sababu ananipenda.

Mama Wawili, Kisauni

Shukran sana, baba. Maneno yako yamenisukuma.

Jana nilimwita mwanangu nikamwambia: Yesu ndiye anayeokoa, na hata mama yako haokoki kwa wema wake. Mama Mkubwa tunampenda na tunamwombea, na mwenye kuhukumu si sisi. Akafikiri, akasema, "Basi amjue. Tumwambie." Mtoto hana mzunguko.

Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hivyo tukakata maembe, tukaivusha baada ya magharibi. Shikamoo, marahaba, tukaketi barazani. Nikamwambia swali la mtoto lilivyokuwa, na ninachoamini, bila kuzungusha, 1 Petro 3:15 ikinizunguka kichwani, "kwa upole na kwa hofu." Hofu ilikuwepo ya kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, na mimi kila usiku nakuombea wewe na hawa watoto, Mola awaongoze." Akamlisha embe mwanangu kwa mkono wake. Tulikaa pale mpaka adhana ya isha, mwanangu mdogo amelala mapajani mwake.