Mjadala: Je, Uingereza ilikosea kuzifuta riding za Yorkshire mwaka 1974?

Mleta mada (Leeds)

Wakuu, salaam. Huku kila ifikapo Agosti 1, Siku ya Yorkshire, bendera za waridi jeupe hutundikwa madirishani na hoja huwa ile ile: serikali irudishe riding. Siku yenyewe ilianza mwaka 1975 kama maandamano ya kupinga kufutwa kwake. Mimi nimekaa huku muda wa kutosha kuwa na upande, na nasema wazi: kuzifuta lilikuwa kosa.

Kwa asiyezijua: Yorkshire ndiyo kaunti ya kihistoria iliyo kubwa kuliko zote England. Tangu zama za Wadenmaki, walioiteka York mwaka 866, iligawanywa mafungu matatu: North Riding, East Riding na West Riding. Watu wa mfalme William walipopita kuorodhesha mali za nchi mwaka 1086 waliyakuta mafungu hayo yapo. Mji wa York wenyewe haukuwa ndani ya riding yoyote. Kila riding ilikuwa na mahakama zake za robo mwaka, na mabaraza ya kaunti yalipoanza mwaka 1889, Yorkshire ilipewa matatu: Northallerton kwa Kaskazini, Beverley kwa Mashariki, Wakefield kwa Magharibi.

Aprili 1, 1974 yote yakafutwa, kwa sheria ya 1972 ya serikali ya Edward Heath. Zikaundwa North Yorkshire, West Yorkshire, South Yorkshire, Humberside na Cleveland, na vipande vikagawiwa majirani: Saddleworth ikaenda Greater Manchester, Barnoldswick ikaenda Lancashire, Sedbergh ikaenda Cumbria. Haya, Humberside na Cleveland zikafutwa mwaka 1996. Mabaraza ya West na South Yorkshire hayakufika hata huko, Thatcher aliyafuta 1986. Mipaka iliyodumu karne kumi na ushee ikaachia nafasi vyombo ambavyo vingi havikumaliza robo karne. Faida iko wapi?

Wa Sheffield

Mkuu, umesimulia historia ya ofisi tatu ukasahau nani hasa walikuwa wakitawaliwa na ofisi hizo. Sheffield, Leeds, Bradford, Halifax, Huddersfield, Barnsley, Doncaster, Rotherham: miji hii yote ilikuwa na hadhi yake ya kaunti, na baraza la West Riding halikuwa na sauti ndani yake. Wakefield penyewe, makao ya baraza, napo vivyo hivyo! Kilichobaki kilikuwa shuka lililotoboka, linaanzia milima ya Sedbergh na kushuka hadi vijiji vya makaa ya mawe vinavyotuzunguka.

Sasa fikiria mtaa ulio pembeni ya mji. Upande huu wa mpaka shule na barabara ni za Sheffield, upande wa pili zinaamuliwa Wakefield. Mwenye uwezo anajenga nje ya mpaka, analipa kodi ya nyumba huko, na mchana anashuka mjini kutumia barabara, maktaba na hospitali. Mji ukitaka kujenga nyumba za wafanyakazi, ardhi ni ya mwingine, kwa hiyo kila upanuzi ni kesi. Ndiyo maana serikali ya Labour iliunda tume ya Redcliffe-Maud, na ripoti yake ya 1969 ilitaka mji na viunga vyake viwe chini ya mamlaka moja. Heath hakuifuata ripoti hiyo, lakini ugonjwa alikuwa ameuona. Unalilia kitu ambacho wengi wetu hatukuwamo.

Mleta mada

Nakusoma, mkuu. Lakini usiseme baraza lile lilikuwa bure. Alec Clegg aliongoza elimu ya West Riding kuanzia 1945 hadi siku baraza linafungwa. Wazo la shule za kati, yaani kati ya msingi na sekondari, mtoto asikatwe kwa mtihani akiwa na miaka 11, lilitoka ofisini kwake, na sheria ikabadilishwa mwaka 1964 ili liwezekane. Niambie ni baraza gani la baada ya 1974 hapa limeilazimisha London kubadilisha sheria ya elimu. Dawa ya tatizo lako ilikuwa kusogeza mipaka ya miji, si kuangusha nyumba yote.

Wa Hull

Nyie wa Magharibi mnabishana juu ya mipaka ya mitaa. Njooni huku muone walichofanya. Walichukua East Riding wakaiunganisha na Grimsby na Scunthorpe za Lincolnshire, ng'ambo ya mto Humber, wakaiita Humberside. Wakati huo daraja halikuwepo! Lilifunguliwa mwaka 1981. Miaka saba kaunti moja, na mtu wa Hull akitaka kwenda upande wa pili wa kaunti yake anapanda feri au anazunguka hadi Goole. Watu hawakuipenda tangu siku ya kwanza, na wa ng'ambo nao wakabaki na Lincolnshire yao moyoni.

Halafu mleta mada asidanganyike na kibao cha "East Riding of Yorkshire" kilichorudi 1996. Hull haimo, ina halmashauri yake. Goole, ambayo ilikuwa West Riding, imo. Filey, ambayo ilikuwa East Riding, iko North Yorkshire. Ni jina la zamani juu ya ramani mpya. Na Humberside haijafa: polisi wetu bado wanaitwa hivyo. Juzi nilikuwa najaza fomu ya bima mtandaoni, kwenye orodha ya kaunti nikakuta North Humberside, East Riding haipo kabisa. Miaka karibu thelathini imepita. Nikachagua tu, ningefanyaje?

Wa Saddleworth

Samahani kaka zangu, mbona mnachanganya utawala na utambulisho? Mimi takataka zangu zinazolewa na Oldham, ndani ya Greater Manchester, na majirani zangu wote ni watu wa Yorkshire. Waulize uone. Klabu ya kriketi ya Yorkshire ilikataa wachezaji waliozaliwa nje ya kaunti mpaka 1992, walipomleta Sachin Tendulkar, na kwao Saddleworth iliendelea kuwa Yorkshire. Serikali yenyewe ilitamka 1974 kwamba mipaka mipya ni ya utawala tu, haigusi kaunti za jadi. Kwa hiyo kilichofutwa ni mabaraza, na mabaraza hufutwa kila mahali. Rudisheni vibao barabarani, basi.

Mleta mada

Dada, kibao hakina bajeti. Tazama mameya wapya wa mikoa. South Yorkshire ilipata wake 2018, West Yorkshire 2021, York na North Yorkshire 2024, Hull na East Yorkshire 2025, akashinda Luke Campbell, yule bondia wa dhahabu ya Olimpiki ya 2012. Weka ramani hiyo juu ya ile ya 1889: Mashariki iko karibu na ilivyokuwa, Hull ikiwamo, na Kaskazini nayo inafanana kwa kiasi. Nusu karne ya kubadilisha vichwa vya barua ili turudi jirani na tulipotoka.

Wa Sheffield

Isipokuwa West Riding, ambayo sasa ni mbili, na sisi ndivyo tulivyotaka. Mpango wa meya mmoja wa Yorkshire nzima uliungwa mkono na halmashauri 18 kati ya 20. Mbili zilizokataa ni Sheffield na Rotherham.

Mleta mada

Na Barnsley na Doncaster, majirani zenu ndani ya hiyo hiyo South Yorkshire? Desemba 2017 waliulizwa kwa kura, asilimia 85 wakachagua Yorkshire nzima. London ikaukataa mpango 2019.

Wa Sheffield

Asilimia 85 ya waliopiga, mkuu. Na waliopiga ni kama mtu mmoja kati ya watano.