Naomba ushauri: mbwa wangu anakunywa maji ya bahari

Habari za jioni wakuu. Mimi na rafiki yangu huwa tunawatembeza mbwa wetu ufukweni Kigamboni siku za Jumamosi, maji yakishakupwa. Wake hana shida kabisa. Wangu, koko wa miaka 2, akiona kidimbwi cha maji chumvi anatumbukiza mdomo hadi machoni. Tukirudi nyumbani anatapika povu na kuharisha majimaji mpaka usiku.

Nimejaribu kumnywesha maji baridi kabla ya kutoka, pia nabeba chupa na bakuli lake. Anayanusa tu, anageuka. Kamba fupi nayo anaivuta hadi kiganja kinanichubuka.

Nimfundisheje aache? Na akishayanywa, nimpe nini, au nimkimbize moja kwa moja kwa daktari wa mifugo?