767 ya kampuni: usajili wa zamani umefutwa, kwenye ramani haionekani

Mkia_Mrefu: Wakuu, nafuatilia Boeing 767 iliyokuwa ya abiria, sasa ni ya kampuni binafsi. Usajili wake wa Bermuda (VP-B) umefutwa, imehamia Marekani. Nikiweka jina la kampuni kwenye rejista ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) sipati kitu, na app ya ramani haionyeshi safari hata moja. Nianzie wapi?

Rejista_Tu: Achana na jina, tafuta kwa namba ya kiwandani. Herufi za usajili hubadilika kila ndege ikihama nchi, namba hiyo haibadiliki mpaka ndege inakatwa kuwa chuma chakavu. Kwa 767 ni tarakimu 5.

Usishangae ukikuta mmiliki ni benki, na neno "Trustee" pembeni. Sheria ya Marekani inataka mmiliki anayesajiliwa awe raia au mkazi wa kudumu, kwa hiyo kampuni za kigeni huweka ndege chini ya mdhamini. Za Marekani nazo hufanya hivyo, kwa usiri tu. Benki siyo inayoirusha. Tena tangu 2025 mmiliki binafsi anaweza kuomba jina na anwani yake vifichwe.

Mhz1090: Ukurasa huohuo wa FAA una misimbo miwili ya Mode S, utambulisho ambao ndege hutangaza kwa redio. Ule wa tarakimu 8 hauna kazi kwenye ramani. Chukua wa heksa, herufi na tarakimu 6, unaoanza na A.

Kutoonekana ni LADD, mpango wa FAA wa usiri: app zinazopokea data ya FAA zinalazimika kuificha ndege ambayo mmiliki ameomba ifichwe. Ramani ya ADS-B Exchange haichuji, weka heksa pale. Ikiwa kimya bado, huenda wanatumia PIA, msimbo wa muda usiofungamana na mmiliki. Huo unaruhusiwa ndani ya anga la Marekani tu. Wakienda Ulaya lazima warudi kwenye msimbo wa kudumu, na hapo ndipo utawanasa.

Mkia_Mrefu: Heksa imekubali, ila ramani inaandika Cessna 172, kindege cha propela, futi 39,000, noti 470!

Mhz1090: Ndiyo yenyewe, mkuu. Marekani msimbo hukokotolewa kutoka namba ya N, yaani usajili wa Marekani (N1 ni A00001), kwa hiyo namba ikitoka kwa ndege ndogo, msimbo huenda nayo. Kanzidata ya ramani haijasasishwa. Amini mwinuko na kasi. Na ikipotea katikati ya Atlantiki, usidhani wamezima transponda, kifaa kinachotangaza msimbo: kipokezi cha ardhini kinacholisha ramani mwisho wake ni kama kilomita 400.