Tupeane uzoefu: mzazi yuko kijijini, nani anamhudumia kila siku?

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu yuko Rombo, amevuka miaka 80, na tangu apate kiharusi upande wa kulia haufanyi kazi. Watoto tuko Dar na Arusha. Hela ya kutuma ipo, mtu wa kumgeuza kitandani hatumpati. Dada wa kazi tunaoletewa wanajua kupika na kufua, mgonjwa wa kitandani wanamwogopa, na siwalaumu, hakuna aliyewafundisha. Nyie mnafanyaje?

Mjukuu wa Makete: Pole sana mkuu. Sisi tulimchukua jirani, mama mtu mzima, tukamwomba muuguzi wa zahanati aje amwelekeze nyumbani. Bibi anageuzwa kila baada ya saa mbili, mto unawekwa katikati ya magoti, shuka linanyooshwa lisiwe na mikunjo. Kila asubuhi wakati wa kumwogesha anakaguliwa kiunoni na visiginoni. Alikuwa ameshaanza kidonda, kikafunga. Ila mlipeni kwa wakati. Mkichelewesha atarudi shambani kwake, na ana haki.

Wa Makunduchi: Huku Zanzibar tangu 2016 aliyefika miaka 70 anapata pensheni jamii. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Haitoshi kumlipa mtu wa kulala na mzee, lakini babu ananunua sabuni na dawa ya kuchua bila kumwomba mtu, na hilo limempa raha kubwa. Bara nako ingefaa.

Kilosa Ndani: Kwa baba yangu shida ni njia. Kisera aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo anatibiwa bure, kadi anayo. Lakini mzee mwenye nyonga mbovu utampandishaje bodaboda hadi kituo cha afya? Akifika anaambiwa dawa ya presha akanunue duka la nje. Nguvu zielekezwe kwa wahudumu wa afya wa jamii, wazee wapimiwe presha hukohuko majumbani.

Mwanzilishi: Asanteni. Shangazi mmoja ameshauri makazi ya wazee kama Njoro kule Moshi. Nijuavyo yale ni ya wazee wasio na mtu, na mama mwenyewe hataki kutoka kwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo anapoishi.

Mama Jirani: Mimi ndiye huyo jirani anayelipwa, namhudumia mzee wa watu huku Njombe. Naomba niwasemee wenzangu. Tununulieni glavu na mpira wa kutandika kitandani. Chagueni mtoto mmoja wa kunipigia simu, maana mkubwa akisema uji, mdogo anasema chai, na lawama zote zangu. Nipeni Jumapili nikasali. Mchana si kazi ngumu, usiku ndio unaomaliza mwili, mzee anaamka, analia, anataka kwenda kwa mama yake aliyefariki zamani. Mkuu wa Rombo, ukimpata mtu, kubaliana naye kwanza nani atakesha na mama, halafu ndio mzungumzie mshahara.