Mmea wa maua ya zambarau umepanda uzio wote, ni matembele pori?

mama_shamba
Wakuu habari za asubuhi, naomba msaada kwa wanaojua mimea. Huku Muheza kuna mmea umetambaa kwenye uzio wa nyuma mpaka senyenge haionekani tena, maua zambarau ya kupauka ila ndani kooni imekolea, asubuhi uzio mzima umechanua afu jua likikaza yanajikunja. Jani limegawanyika vidole vidole. Jirani anasema ni matembele pori nipike tu, mi naogopa

dogo_wa_pwani
Si ndo ile ya beach hiyo? Ufukweni imejaa, zambarau hivohivo

mzee_miti
Hapana mdogo wangu, ya ufukweni ni Ipomoea pes-caprae, jani lake nene limechanika nchani kama kwato la mbuzi na inatambaa chini mchangani. Hii nahisi ni Ipomoea cairica. Rangi ya ua usiiamini sana mama shamba, wengi wa jamii hii ni zambarau, kuna Ipomoea indica nayo inapanda uzio lakini ua linaanza bluu likinyauka linakuwa pinki, na jani ni la umbo la moyo au limegawanyika ncha tatu tu, halifiki vidole. We chuma jani uhesabu, viwe 5 hadi 7 na viachane mpaka kwenye kikonyo, vile viwili vya chini kabisa mara nyingi vimepasuka tena. Halafu angalia pale kikonyo kinapotokea kwenye shina, utakuta kajani kadogo nako kana vidole. Geuza na ua, vile vijani vya kijani vinavyolishika viwe vifupi, visivyo na manyoya, vya indica ni virefu vimechongoka

mama_shamba
Nimetoka kuangalia, vidole 5, vya chini vimepasuka kweli na kale kajani kapo!! Manyoya hakuna. Kwa hiyo nisipike?

mzee_miti
Usipike. Matembele ni ya kiazi kitamu, Ipomoea batatas, ukoo mmoja ndio ila sio sufuria moja. We punguza tu na usitupe vipande ovyo, shina likigusa udongo linatoa mizizi

dogo_wa_pwani
Na mbuzi je?

mzee_miti
Wa kuogopa hasa ni Ipomoea carnea, kile kichaka cha maua ya pinki watu wanapanda kama uzio wa nyumba, mbuzi akikizoea anaanza kuyumba na kukonda. Hicho ng'oa