Tupeane uzoefu: kelele za chini kwenye 4WD za zamani, hapa Tanga

Chaki Mkononi: Wakuu, uzi huu ni wa wenye Land Cruiser za 70, Hilux za ekseli ngumu, Defender, Suzuki ndogo na ndugu zao. Ombi moja: ukileta kelele, sema inalia lini. Kusema "inalia huku nyuma" hakusaidii, maana chasisi husafirisha sauti. Krosi ya katikati, yaani kiungo cha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), utaisikia kama iko chini ya kiti cha nyuma. Je, inafuata mwendo wa gari au mzunguko wa injini? Inabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia? Inabadilika ukikata kona? Ukiweka huru gari ikaserereka yenyewe, inabaki? Kipande cha Kange kwenda Pongwe kinatosha kujibu yote manne, alfajiri kabla malori hayajajaa.

Fundi wa Ngamiani: Naanza na za gari ikiwa imesimama. Injini inawaka, gia iko huru, unasikia mkoromo. Kanyaga klachi. Mkoromo ukinyamaza, ni beringi ya shafti inayoingia gia boksi. Ikiwa kimya mpaka ukanyage klachi ndipo ilie, ni rilizi, beringi inayosukumwa ukikanyaga klachi.

Barabarani: ikikoroma gia zote isipokuwa ya nne, acheni difu ya watu (gia za katikati ya ekseli). Kwenye gia boksi nyingi za zamani gia ya nne hupita moja kwa moja, shafti ya chini haibebi mzigo. Ukiingiza ya tano mkoromo unarudi. Hapo beringi za shafti ya chini zimejitaja zenyewe.

Pwani Hadi Mlimani: Krosi nazo zina hesabu yake. Difu nyingi za 70 ni 4.1, maana yake tairi likizunguka mara moja propela imezunguka mara nne na kidogo. Piga alama ya chaki kwenye tairi, pitisha gari mwendo wa mtu anayetembea sambamba na ukuta, vioo vishushwe, mwenzako atembee pembeni akitazama alama. "Chwi" nne kwa kila mzunguko wa alama ni krosi kavu. Moja kwa kila mzunguko ni breki, habu (kitovu cha gurudumu) au kitu kimenasa kwenye tairi.

Kisha ingia chini: kabari kwenye magurudumu, injini imezimwa, gia huru, shika propela kwa mikono miwili uipindue huku na huku ukitazama pale uma unapokutana na krosi. Ukiona vimepishana hata kidogo, imekwisha. Unga mwekundu kuzunguka vikombe una maana sindano za ndani zimeshaota kutu, na grisi haiwezi kuzifufua. Kama bado nzima, pampu mpaka grisi itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikigoma, zungusha propela nusu, ichezeshe, pampu tena. Kikiendelea kugoma, nunua krosi.

Wanaoshuka mchangani Kigombe au Ushongo: osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na pampu grisi kabla gari haijalala. Grisi mpya inasukuma nje maji ya chumvi. Kesho yake kutu imeshaanza kazi.

Dada wa Spea: Nyongeza hapo. Nipo (chuchu ya kupampia grisi) ya kwenye splaini, ile sehemu yenye meno propela inapojivuta na kurudi, isipampuliwe kama ya krosi. Ikijaa, grisi haina pa kwenda, propela inageuka jeki inayosukuma beringi za transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) kila gari inapobonyea. Ukiona uma unaanza kusogea, acha. Ikiwa kavu ndiyo inayotoa "ko!" moja nzito mara tu gari inapoondoka.

Na kabla ya kufungua propela yoyote, piga alama ya rangi kwenye flenji zote (sahani za kufungia bolti) na kwenye splaini, irudi ilivyokuwa. Splaini ikiruka meno mawili utapata mtetemo ambao hakuna krosi mpya itakayouondoa.

Kijana wa Muheza: Shikamooni wakubwa. Defender 300Tdi, "ko!" ukiachia mafuta, "ko!" tena ukikanyaga. Krosi mpya zote. Fundi anasema difu ya nyuma.

Chaki Mkononi: Marahaba mwanangu. Usinunue difu kwa sikio. Defender ina plei (nafasi za kuchezacheza) ndogo ndogo sehemu nyingi, zikijumlishwa zinapiga kama nyundo. Kazi yako ni kujua nani anachangia zaidi.

Egesha pa tambarare, zima injini, ingiza gia ya kwanza, kabari imara kwenye matairi ya mbele, handbreki iachie (ya Defender hushika propela ya nyuma, itaharibu kipimo). Inua tairi moja la nyuma, weka stendi. Jeki peke yake usiiamini. Toa kifuniko cha mpira katikati ya habu, uone ncha ya ekseli. Sasa chukua chaki, chora mstari mmoja ulionyooka sehemu nne: toka ncha ya ekseli kuvuka flenji ya habu, toka flenji ya pinioni kuvuka mwili wa difu, toka uma kuvuka krosi hadi uma wa pili, toka flenji ya transfa kuvuka mwili wa transfa. Mwenzako atikise tairi polepole, mbele na nyuma, wewe tazama mistari.

Tairi likisogea na ncha ya ekseli ikabaki, splaini za flenji ya habu zimelika. Mara nyingi utakuta unga wa kahawia humo. Ncha ikisogea sana kabla flenji ya pinioni haijaamka, ni difu kweli, na fundi wako tutamwomba radhi. Mistari ya krosi ikipishana, hizo krosi mpya ni za vibandani. Flenji ya transfa ikicheza wakati gia imeingia, angalia ndani.

Fundi wa Ngamiani: Na hapo penye transfa ya LT230, iliyomo kwenye hiyo Defender, kuna ugonjwa wa ukoo. Shafti kuu ya gia boksi inaingia ndani ya gia ya transfa kwa splaini, na gia za zamani hazikuwa na vitundu vya kupitisha oili, kwa hiyo splaini zinasagana kavu. Mwaga oili ya transfa, fungua kifuniko cha nyuma cha PTO (pa kutolea nguvu ya kuendeshea mashine nyingine), mulika tochi. Ukiona kutu nyekundu na meno yaliyochongoka kama ya papa, umeipata. Ukibadilisha, dai gia yenye vitundu.

Pia anayetoa propela moja ili ajue kelele iko mbele au nyuma: Toyota zenye 4WD ya kuchagua hutembea tu (ukitoa ya nyuma, ingiza 4WD), ila Defender lazima uiloki difu ya kati iliyo ndani ya transfa, vinginevyo haiendi popote.

Mkonge 4x4: Kuhusu mvumo. Mvumo unaobadilika ukikata kona, hata gia ikiwa huru, ni beringi ya gurudumu. Ukikata kulia gari inalalia kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo anza na kushoto. Inua, shika tairi juu na chini, tikisa. Kisha weka kiganja kwenye springi mwenzako akizungusha tairi. Beringi mbovu utaihisi kama mchanga kabla hujaisikia.

Nati za habu ya mbele za Toyota ekseli ngumu ni 54 mm, Defender 52 mm. Nunueni soketi. Nati iliyokazwa kwa patasi na nyundo haina kipimo, na beringi inakufa ikiwa mpya. Kwa Land Cruiser: kaza ya ndani kama Nm 60 huku ukizungusha habu, iachie, kaza tena kama Nm 5 tu, kisha ya nje ndiyo ibane kwa nguvu.

"Tak-tak-tak" ukikunja usukani wote na 4WD imeingia ni sivi jointi (kiungo cha kukunjika kwenye ekseli ya mbele). Jaribu mchangani, si kwenye lami. Ukifungua ukakuta grisi imekuwa uji mweusi unaomwagika, oili ya difu imevuja kuja huko: oili sili ya ndani ya ekseli kwanza, kisha grisi yenye molibdeni, karibu robo tatu ya nafasi.

Pwani Hadi Mlimani: Kupanda Lushoto kutoka Mombo kwa 4H (4WD ya mwendo wa kasi) kwenye lami, jamani. Zile kona haziruhusu ekseli mbili zilizofungwa pamoja. Mashine inajikaza mpaka inagonga, na mtu anakuja na "difu inapasuka". Rudi nyuma mita chache, itaachia. Matairi ya mbele yakiwa mapya na ya nyuma yamelika, inajikaza hata barabara ikinyooka.

Dada wa Spea: Difu ikilia kwenye mvuto tu, meno ya kraun (gia kubwa ya difu) na pinioni yamelika au nafasi kati yao imezidi, difu nyingi za Toyota zinataka kati ya 0.13 na 0.20 mm, na hiyo inapimwa kwa geji ya saa, si kidole. Ikilia ukiachia mafuta, shuku beringi za pinioni.

Oili: fungua bolti ya kujazia KABLA ya ya kumwagia. Ikigoma na oili umeshamwaga, gari inalala hapo. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vyenye ncha si kawaida. Oili rangi ya chai ya maziwa ni maji. Difu ya moto ikiingia kwenye kijito baridi, hewa ndani inasinyaa, na tundu la kupumulia likiwa limezibwa na tope inavuta maji kupitia sili. Vuta mpira wa kupumulia mpaka juu kwenye bodi.

Kijana wa Muheza: Nimeelewa, wazee. Sili ya pinioni inavuja pia, kuna kamba ya katani imejisokota kwenye flenji. Natoa nati tu nabadilisha?

Fundi wa Ngamiani: Kamba ikate kwa kisu, usiivute, inachana sili vipande. Kuhusu nati, kwanza jua difu yako ina nini ndani. Zenye bushi ya kukandamizwa, kama za Toyota nyingi: piga alama kwenye nati na pinioni, hesabu nyuzi zilizotokeza, na urudishe pale pale, si zaidi. Ukipitiliza, bushi imebanwa mno, na kulegeza nati hakuirudishi. Unaweka bushi mpya na kupima upya mzunguko wa pinioni. Tuma picha ya hiyo flenji upande wa ndani kabla hujaweka sili, kama ina mfereji pale mdomo wa sili unapokaa, sili mpya haitadumu.