Naomba ushauri: SSD ipi itaingia kwenye Dell OptiPlex 7010?

Mwenye_Steshenari: Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Morogoro na kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7010, ram GB 8, hadi diski GB 500. Asubuhi nikiiwasha nafagia duka na kupanga rimu za karatasi, bado inazungusha vidoti. Mwanafunzi akileta flashi aprintiwe ripoti, Word inafunguka kwa kusuasua mpaka anaanza kuchungulia duka la jirani. Wengi wananiambia dawa ni SSD, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka. Kuna muuzaji Kariakoo yuko tayari kunitumia kwa basi, kanitumia picha mbili: moja kijiboksi bapa, nyingine kipande chembamba kama jojo. Anasema hiyo nyembamba ina kasi zaidi na bei hazipishani sana. Sitaki mzigo ufike ndiyo nijue hauna pa kuchomekwa. Nichukue ipi?

fundi_bisibisi: Mkuu, usilipe kwanza. Hiyo nyembamba ni M.2, na 7010 ya zamani haina sloti yake. Nasema ya zamani kwa sababu mwaka 2023 Dell walitoa mashine nyingine mpya kabisa kwa jina hilohilo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa prosesa. Ukikuta i5-3470, au i5 na i7 nyingine yoyote ya namba nne inayoanza na 3, hiyo ni ya enzi za 2012. Chukua SATA ya inchi 2.5, yaani kile kijiboksi.

Mwenye_Steshenari: Shukrani sana kaka. Nimeangalia, ni i5-3470 kweli. Ila muuzaji anasema ipo kadi ya kuchomeka kwenye PCIe, zile sloti za kuongezea kadi, halafu hiyo M.2 inakaa juu yake.

data_kwanza: Kadi zipo na si uongo. Windows ikishawaka itaiona NVMe, yaani hiyo M.2 ya kasi inayopitia PCIe, na utaweka mafaili humo vizuri tu. Kazi ni kuiwasha Windows yenyewe kutoka humo. BIOS ya mashine hiyo, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, haiijui NVMe, kwa hiyo inabidi upitie mlango wa nyuma, mfano kuweka Clover, programu ya kuiwashia Windows, kwenye flashi inayobaki imechomekwa siku zote. Kwa kompyuta ya kucheza nayo nyumbani, sawa. Kwa duka ambalo mteja amesimama anasubiri, nakukataza kabisa.

Na hiyo kasi wanayoitangaza isikusumbue. SATA III, ndiyo ya kile kijiboksi, inaishia kama MB 550 kwa sekunde, wakati NVMe nyingi za PCIe 3.0 zinafika MB 3,000. Tofauti hiyo utaiona ukinakili video kubwa. Windows inapowaka inasoma vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo hadi diski inapokufa, kwa sababu kichwa chake kinahangaika huku na huko juu ya sahani inayozunguka. SSD yoyote nzima haina kichwa cha kuhangaika. Utaona mabadiliko siku hiyohiyo.

dada_wa_ofisi: Naomba niulize hapahapa. Mazabodi yangu, ule ubao mkuu wa kompyuta, ina sloti ya M.2, mimi ninunue tu?

fundi_bisibisi: Hapana dada, M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna za SATA na kuna za NVMe, na sloti nyingine zinapokea aina moja pekee. Za SATA mara nyingi zina mapengo mawili kwenye meno, NVMe nyingi zina moja. Lakini usiamue kwa macho, tafuta manyuali ya mazabodi yako. Angalia na urefu: 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80.

Mwenye_Steshenari: Basi nimeamua SATA. Kampuni gani, na kuifunga kukoje?

data_kwanza: Ukiipata Samsung 870 EVO au Crucial MX500 chukua, zina ram yake ya ndani. Kingston A400 haina, ila kwa Word na kuprinti itakutosha. Kaa mbali na zile za "TB 2" kwa bei ya kutupa. Ikifika, ijaribu kwa programu ya H2testw ikiwa bado tupu, uone kama ujazo ni wa kweli.

fundi_bisibisi: Kufunga ni bisibisi tu. Chomoa umeme, toa hadi diski, tumia waya zake zilezile za data na umeme. Agiza na fremu ya kutoka inchi 3.5 kwenda 2.5 ili isining'inie. Kabla ya yote, mafaili ya wateja yanakiliwe pembeni. Ukikloni, yaani kunakili diski ya zamani nzima na Windows yake, usiguse mpangilio wa SATA Operation kwenye BIOS. Ikiwa RAID On iache hivyo, ukibadilisha Windows inaweza kugoma kuwaka. Ukiweka Windows upya, hapo ndipo uiweke AHCI.

mzee_wa_ram: Niongeze moja, mdogo wangu. Usinunue ya ujazo mkubwa sana. Microsoft walimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha yao ya Windows 11. GB 240 inatosha, na ukibadilisha kompyuta utaichomoa uhamie nayo.

Mwenye_Steshenari: Sawa mzee wangu. Nimemwambia anitumie GB 240 ya SATA pamoja na fremu. Ile hadi diski ya zamani naweza kuiacha ndani kwa kuhifadhia?

fundi_bisibisi: Unaweza, ila fungua kasha kwanza uhesabu waya za SATA zilizobaki wazi. Kama hakuna, agiza na waya wa data kabla basi halijaondoka.